Mashine na Mtu Wake

Tuliwaacha kwenye chafya.

Kwa uliyekuwa safarini, ama uliyefungiwa vitumbua kwa gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, mambo yako hivi. Ni Alhamisi, alasiri, Mishomoroni, uani kwa Bi Mwanasaumu. Ua umezungushwa maturubai pande zote nne. Ndani mna wanawake kama mia mbili, mabuibui wamevua, nywele wazi, hina mpaka kwenye viwiko. Binti yake, Rahima, ameketi juu ya steji ya kukodi inayozunguka yenyewe, azungushwe polepole kila jicho limfaidi. Mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Simu za wageni zimekusanywa kapuni mlangoni ili pasitoke picha.

Na chini ya steji hiyo, ndani ya sanduku la mbao lenye mota, mtu akapiga chafya.

Haikuwa chafya ya kike. Ilikuwa chafya ya mtu mwenye kifua na viatu vikubwa. Vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, likakatika, pembe na vijiti vikabaki hewani, na wanawake mia mbili wakautazama ubao chini ya miguu ya bibi harusi.

Labda ingepita. Mashine za siku hizi zina kelele za kila namna, na watu walikuwa wameshaanza kuambiana kwamba ni mkanda umekatika. Lakini palikuwa na Bi Mwidani, nyanya wa bibi harusi. Masikio yake mabovu, mtu akimwita mara tatu ndipo ageuke. Chafya, hata hivyo, aliisikia.

"Yarhamuka Allah," akasema, kama alivyofunzwa tangu utotoni kumwombea rehema apigaye chafya.

"Asante sana, mama," ikajibu steji.

Yaliyofuata sitaki kuyaeleza yote, kwa heshima ya waliokuwapo, ambao baadhi yao ni wasomaji wa safu hii. Mabuibui mia mbili, yote meusi, yalikuwa yamerundikwa juu ya kitanda kimoja cha futi tano. Waliowahi mlango walivaa lolote lililoingia mkononi. Mama mnene alitoka na buibui la msichana wa miaka kumi na miwili, limemfika magotini. Waliochelewa waling'oa vitambaa vyeupe vya viti, vile vya kukodi vyenye riboni ya dhahabu, wakavivaa kichwani. Ua ukajaa viti vilivyosimama.

Mgeni aliyebaki ameketi ni mmoja tu. Ni Bi Kafedha.

Huyu ni shangazi wa bwana harusi, Anwar. Ndiye aliyemlea Anwar mama yake alipofariki, ndiye aliyeileta posa kutoka Mji wa Kale, na ndiye angeweza kuirudisha. Alijifunika leso taratibu, akaikaza chini ya kidevu, akaita.

"Mwanasaumu."

"Abee, bibi."

"Mashine yako imenena."

Mwanasaumu alikuwa amesimama kando ya steji, uso umemkauka. Nikaha ilikuwa kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa. Neno moja la huyu mama lingetosha kesho hiyo isifike.

Najua mtaniandikia barua. Kumpamba bibi harusi kabla ya nikaha, tangu lini? Tangu mashine. Zamani watu wakioza kwanza, wakipamba baadaye. Siku hizi harusi hupangwa na mwenye vifaa, na Bwana Mwinyihaji wa duka la Fahari ya Harusi alikuwa na nafasi ya Alhamisi peke yake. Kwa hivyo mila ikasogea ikaipisha steji. Uani pale kila kitu kilikuwa cha Mwinyihaji: viti, maturubai, maua ya plastiki, feni, chetezo cha ubani, hata gauni alilovaa Rahima. Kisichokodiwa kilikuwa bibi harusi na pilau.

"Ni redio, bibi," Mwanasaumu akasema. "Siku hizi watia redio ndani."

"Redio yamshukuru Bi Mwidani?"

"Ni za kisasa."

"Mimi si redio, mama," sauti ya chini ikasema kwa adabu. "Mimi naitwa Musyoka."

Mwanasaumu akafumba macho. Tangu saa saba alikuwa amejitahidi kusema uongo vizuri, na huyu mtu hakuweza kumsaidia hata kwa kunyamaza.

"Musyoka ni nani?" Bi Kafedha akauliza.

"Ni mtu wa mashine."

"Mwanamume?"

"Bibi, na tuketi nikueleze."

"Mimi nimeketi. Nieleze."

Akaeleza. Hakuwa na pa kukimbilia tena. Alipokwenda dukani kukodi steji aliuliza swali moja tu: nani ataiendesha? Mwinyihaji akamwapia kwa Mungu kwamba ana fundi wa kike, binti hodari anaitwa Fancy, shughuli zote za akina mama huenda yeye. Leo saa saba gari la vifaa likafika. Likashusha steji, likashusha viti, na mwisho likamshusha Musyoka. Fancy hayupo. Simu ya dukani haikamatiki. Wageni wako njiani. Mwanasaumu akaona njia ni mbili: mashine irudi na aibu ibaki, ama mtu aingie sandukuni na afungiwe humo kabla wanawake hawajafika. Akachagua sanduku. Mkigonga ubao mara moja anazungusha, mkigonga mara mbili anasimamisha. Haoni, haonekani.

"Nilifanya kwa ajili yenu, bibi," akamaliza. "Nisiwatie haya mbele za watu."

"Mia mbili twasikizwa na mwanamume chini ya miguu yetu, na wasema hujatutia haya. Mpigie huyo mwenye mashine. Weka kwa sauti."

Simu ya Mwanasaumu ilikuwa kifuani. Safari hii Mwinyihaji alipokea mara moja, sauti laini.

"Mteja wangu mpenzi. Mambo yaenda?"

"Uliniahidi mwanamke, Mwinyihaji."

"Na mwanamke yuko, wallahi. Yuko Likoni. Kuna harusi huko imeingia ghafla, na ile mashine ya pili ni kaidi, hakuna aiwezaye ila Fancy."

"Kwa hivyo mimi?"

"Wewe nimekupa Musyoka. Fundi wangu bora. Wenzako hulia wapewe Musyoka."

"Ni mwanamume."

"Bibi, katika fomu zetu hatuandiki mambo hayo. Twaandika fundi mmoja. Fundi mmoja amefika?"

"Amefika."

"Basi huduma imekamilika."

"Nataka atoke."

Hapo sauti laini ikapata mfupa. "Soma karatasi yako, kifungu cha saba. Mashine yaja na mtu wake, na mtu wake haiachi hata dakika moja mpaka irudi dukani. Ulitia sahihi mbele yangu, tena ukanisifu kalamu. Akitoka na mashine ikadhurika, ni juu yako."

Bi Kafedha akaitwaa simu. "Sikiza, bwana. Mimi ni shangazi wa bwana harusi."

"Mashaallah, mashaallah. Hongera sana, bibi. Na nyinyi upande wenu mna shughuli lini? Maana nina steji mpya, hii inapanda juu na kushuka. Familia nikiihudumia pande zote mbili, napunguza."

Bi Kafedha akaikata simu, akamrudishia mwenyewe. Nakwambia msomaji, katika wafanyabiashara wa mji huu kuna watu wangemuuzia sanda mtu anayewazika.

"Na atoke," akasema. "Sasa hivi. Hicho kifungu cha saba nitamjibia mimi."

Mwanasaumu akainama kwenye sanduku. "Musyoka, toka, baba."

"Siwezi, mama."

"Kwa nini?"

"Nimeshika breki. Nikiachilia, bibi harusi atazunguka mbio. Ilishawahi kutokea Kongowea, yule dada alitapika."

Rahima hakungoja kuambiwa. Alikusanya gauni mikononi, akashuka mwenyewe, dada wawili wakamshika. Msichana alikuwa hajasema neno tangu saa tisa, maana bibi harusi hapaswi kusema. Alisimama kando, shela usoni, akitazama mbao.

"Ameshuka," mama yake akasema. "Toka."

Sanduku halikufunguka.

"Musyoka."

"Bado siwezi."

"Sasa n'nini tena?"

Sauti ikashuka. "Humu ndani kuna joto, mama. Mota inachoma kama jiko. Nilivua nguo. Niko na fulana na kaptura tu, na hiyo fulana ni ya zamani. Hapo nje kuna wamama wengi. Mimi naona aibu."

Kuna mwanamke alicheka, akazibwa mdomo na mwenzake. Nyinyi mnaosoma mtaona ni jambo la kuchekesha. Mia mbili walikuwa wamekimbia kujisitiri kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa amejificha kwa kuwaonea haya wao. Bi Kafedha hakucheka. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipeni buibui."

Likatoka buibui. Likapitishwa kwenye upenyo wa sanduku. Mle ndani pakasikika mtu anajigonga kiwiko, akaomba radhi kwa mashine. Kisha kibao cha mbele kikafunguka, na Musyoka akatoka kinyumenyume.

Alikuwa mtu mrefu, wa miaka thelathini na kitu. Buibui lilimkomea chini kidogo ya magoti, na miguu iliyobaki ilikuwa na nywele na grisi. Ushungi alikuwa ameuvuta mpaka kwenye nyusi kwa heshima. Wengi uani walikuwa bado na vitambaa vya viti kichwani. Kwa dakika ile, aliyejisitiri vizuri kuliko wote alikuwa mwanamume.

"Hilo buibui ni langu," Bi Kafedha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona mengi leo na bado anaongezewa.

"Nitalifua, mama."

"Usilifue. Nitazame. La, usinitazame. Tazama chini. Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Saa mbili na ushei uko humo, hujaona kitu?"

"Hakuna hata tundu. Huyu mama aliziba kwa tambara na gundi kabla nyinyi hamjafika. Nilikuwa nashika taa kwa mdomo nione breki."

"Waweza kuapa?"

"Mimi ni wa kanisa, mama, lakini naapa. Sijaona mkono, sijaona mguu, sijaona unywele wa mtu."

Wanawake wawili waliinama wakachungulia sandukuni. Walitoka wakitikisa kichwa. Kweli mlikuwa giza. Bi Kafedha alifikiri. Mwanasaumu alimtazama midomo, kama mtu anayengojea majibu ya hospitali. Miaka miwili alikuwa akiingoja ndoa hii. Majirani waliomsengenya kwamba mwanawe amekaa sana nyumbani wote walikuwa uani pale, wamevaa viti.

"Basi," Bi Kafedha akasema mwishowe. "Kama hakuona, hapana aliyeonekana. Makosa ni ya mwenye duka. Mwanasaumu, umekosa kutuficha, lakini ulikuwa na nia njema. Kesho nikaha iko pale pale. Mpeni huyu mtu maji na pilau, atoke kwa mlango wa nyuma."

Vigelegele vikapanda. Mwanasaumu aliubusu mkono wa Bi Kafedha, akaubusu tena, na machozi yakamtoka bila kuyazuia. Pembe za vugo zikaokotwa. Hata Bi Mwidani alipiga kigelegele, ingawa alikuwa bado anauliza aliyepiga chafya ni mtoto wa nani.

Musyoka hakwenda. Alisimama pale pale, ndani ya buibui, akijikuna shingo.

"Mama," akamwambia Bi Kafedha. "Umeniuliza kama nimeona."

"Na umejibu."

"Nimejibu. Lakini nimesikia."

Vugo likakatika kwa mara ya pili.

"Mtu akiwa gizani," Musyoka akaendelea, "anasikia sana. Wakati watu walienda kula, kabla bibi harusi hajapandishwa, kuna wamama wawili walikuja kukaa nyuma hapa, kwa ukingo wa steji. Waliongea juu ya kichwa changu."

Bi Kafedha aligeuka upesi kuliko umri wake. "Mashine yaachwa peke yake hapo," akasema. "Mwinyihaji amesema nini? Haiachwi hata dakika moja. Kifungu cha saba. Mrudisheni chini."

Mmeona? Dakika kumi nyuma kifungu cha saba kilikuwa upuuzi wa muuza duka. Sasa kimekuwa sheria, na mtetezi wake amepatikana.

"Pigeni vugo," akaongeza. "Mwali apandishwe."

Hakuna aliyepiga. Mwanasaumu alimtazama Bi Kafedha, akautazama mkono alioubusu. Alijua mmoja wa wale wawili ni nani. Mama yeyote angejua. Na bado, nisiwafiche, kitu cha kwanza alichofanya ni hiki: alimgeukia Musyoka akamwambia, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "Rudi tu chini, baba. Yaliyosemwa na wanawake ni ya wanawake." Aliyasema, na palepale akajionea haya, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Mama," Rahima akasema.

Alikuwa ameinua shela. Rangi zote alizopakwa tangu asubuhi zilikuwa zingali mahali pake, na chini yake uso ulikuwa umetulia.

"Mimi ndiye naolewa. Kaka Musyoka, walisema nini?"

Musyoka akatazama ardhi kama alivyoamriwa. "Mmoja alisema, huyu msichana ataambiwa baada ya fungate, akishazoea, hatakuwa na la kufanya. Mwingine akauliza, na yule wa Changamwe? Yule wa kwanza akasema yule si mke wa kuhesabiwa, ni mwanamke wa saluni tu. Na yule mtoto hakuna anayejua ni wa nani."

"Mwongo," Bi Kafedha akasema. "Sikusema hivyo."

"Mimi sijasema ni nani alisema, mama."

Feni za Mwinyihaji zikasikika zikilia, moja ikikwaruza. Yule mwenzake Bi Kafedha aliyekuwa ameketi naye ukingoni alikivuta kitambaa cha kiti kikamfunika mpaka mabegani.

"Haya," Bi Kafedha akasema, amejikusanya tena. "Na iwe nilisema. Nani hapa hana mwanamume aliyepotea njia ujanani? Anwar ni kijana. Kuna mwanamke alimshika, akamzulia mtoto. Mimi mtoto huyo simtambui, ukoo haumtambui. Kesho Anwar anaoa kwa heshima, mambo ya nyuma yanakwisha. Mwanasaumu, wewe ni mtu mzima. Mfahamishe mwanao. Ama nasimama naondoka na watu wangu, na kesho msikitini utakwenda kuwaambia wanaume wewe mwenyewe kwa nini hapana nikaha."

Lilikuwa ndilo neno aliloliogopa Mwanasaumu tangu chafya. Sasa limesemwa. Akaangalia watu: jirani wa kulia, jirani wa kushoto, wifi zake, mia mbili nzima. Akamwangalia binti yake.

Musyoka ndiye aliyesema. "Mimi singefungua mdomo. Kazi yangu ni kuzungusha. Nilipopiga chafya ile, hata si mafua. Nilikuwa nalia, vumbi likaingia puani. Nilikaa humo nikijiambia, Musyoka, watu wanaitwa Anwar ni wengi Mombasa hii. Nikangoja kama watataja jina la yule wa saluni. Wakataja."

"Anaitwa nani?" Rahima akauliza.

"Margret. Na Margret mwenye saluni pale Changamwe, nyuma ya soko, ni mmoja tu. Ni dada yangu. Tumetoka tumbo moja."

Mahali fulani katikati ya viti mtu akasema, "Ya Rabbi."

"Na shemeji yako?" Rahima akaendelea.

"Anaitwa Anwar. Anafanya kazi bandarini, idara ya makontena. Mtu mzuri, hata huwa ananipatia nauli. Miaka mitano wako pamoja." Akasita. "Lakini mimi sijui sura ya bwana harusi wenu. Pengine nimekosea. Ningependa niwe nimekosea, dada."

"Una simu?" Rahima akauliza.

Simu za wageni zote zilikuwa kapuni, lakini hakuna aliyemkagua mtu wa sandukuni. Musyoka akapekua chini ya buibui, akaitoa.

"Mpigie."

"Rahima," Bi Kafedha akasema, akiinuka kitini. "Fikiri, mwanangu."

"Nafikiri, bibi. Mpigie, kaka. Weka kwa sauti."

Simu ikalia mara tatu. Ikapokewa na sauti ya mwanamke mchangamfu, nyuma yake sufuria zinagongana.

"Musyoka, si uko kazi? Umekula?"

"Nimepewa pilau. Margret, shemeji yuko?"

"Yuko. Amelala kidogo, amechoka. Kesho anasafiri."

"Anasafiri wapi?"

"Wamempanga kwa meli. Wiki moja, anasema. Siku saba hivi, halafu anarudi. Hata nilikuwa nampigia nguo pasi, mashati yote meupe. Kwani kuna nini?"

Siku saba. Uani pale hapakuwa na mwanamke asiyejua fungate ni siku ngapi. Hesabu ile ilipita kichwa hadi kichwa bila mtu kuitamka, na Rahima akaketi kwenye ukingo wa steji, pale pale walipokuwa wameketi wale wawili.

"Hakuna kitu," Musyoka akasema. "Nilitaka kumsalimia tu."

"Nimwamshe?"

Musyoka akamtazama Rahima. Rahima akamtazama mama yake. Naye Bi Kafedha akamtazama Mwanasaumu, akatikisa kichwa polepole mara moja tu, kwa upole kabisa, kama mtu anayemkataza mwenzake asivuke barabara.

Mwanasaumu alikuwa amekubali mengi siku ile. Alikubali Alhamisi badala ya Ijumaa. Alikubali mwanamume badala ya mwanamke, sanduku badala ya ukweli, na alikuwa amekubali hata kumwomba shahidi arudi gizani. Akaichukua simu mkononi mwa Musyoka.

"Mwamshe, mama," akasema.

"Nani huyo?"

"Ni mtu wa harusi. Mwamshe tu, tafadhali."

"Haya, subirini." Margret akaweka simu kando ya mdomo, akaita kwa sauti ya kwenda vyumbani. "Kafedha."

"Abee," akaitika Bi Kafedha.

Aliitika kwa mazoea, kama anavyoitika mtu yeyote wa mji huu akisikia jina lake, kabla hajajua anaitwa na nani. Mkono ukamwendea mdomoni, lakini umechelewa. Kwa maana ndani ya simu, kwa namna ile ile, kwa adabu ile ile ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyemfunza Anwar akiwa mdogo, sauti ya wajina wake, mtoto wa miaka minne, ilikuwa imeitika naye kwa pamoja.

"Abee, mama."

"Mpelekee baba simu."

Miguu midogo ikakimbia sakafuni. Mlango ukasukumwa. Bi Kafedha akatafuta kiti nyuma yake, mkono ukashika kitambaa kilichokuwa kichwani mwa mtu, akashuka taratibu mpaka chini.

"Baba," akasema mtoto. "Amka. Watu wa harusi."